Stoma si Kidonda: Dhana Potofu Kuhusu Maisha ya Mwenye Mfuko wa Haja Tumboni

Mada na hoja

Miongoni mwa tiba za upasuaji wa tumbo, ni chache zinazookoa maisha kwa haraka kama ile ya kuutoa utumbo nje ya ukuta wa tumbo ili haja ipate njia nyingine ya kutokea, na ni chache vilevile zinazomwacha aliyepona akiendelea kuhesabiwa mgonjwa na watu wa nyumbani kwake. Tundu linalotengenezwa kwa upasuaji huo huitwa stoma. Likitoka kwenye utumbo mpana huitwa kolostomi, likitoka sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba huitwa ileostomi, na likitengenezwa kwa ajili ya kupitisha mkojo huitwa urostomi. Kinachotoka hapo hupokewa na mfuko unaobandikwa kwenye ngozi, na ndiyo maana katika wodi na vijijini husemwa kwa kifupi kwamba mtu "amewekewa mfuko" au kwamba "anatolea choo tumboni".

Mhadhara huu unachunguza dhana potofu zinazomzunguka mtu huyo, huku ukiitazama hali yake kutoka kata ya Ndungu, kwenye tambarare iliyo mashariki mwa Milima ya Upare Kusini, wilayani Same, mahali ambapo wengi huishi kwa kilimo cha mpunga na ambapo safari ya kwenda kwa daktari bingwa wa upasuaji ni safari ya kupangiwa siku na nauli. Hoja yake kuu ni kwamba mengi ya mambo yanayodhaniwa kuwa ni tabia ya stoma yenyewe, yaani harufu, michubuko ya ngozi, kujitenga na kushindwa kazi, hutokana na ukosefu wa vifaa na mafunzo. Na kwamba jamii ikishaamini kuwa upungufu wa huduma ni maumbile ya mgonjwa, haioni tena sababu ya kudai urekebishwe.

Dhana ya kwanza: kwamba stoma ni kidonda

Kosa la msingi, ambalo huzaa makosa mengine mengi, ni kuidhania stoma kuwa kidonda. Anayeiona kwa mara ya kwanza hukuta nyama nyekundu yenye unyevunyevu, iliyojitokeza tumboni na inayotoa damu kidogo ikisuguliwa, hivyo huamua kwamba jeraha la upasuaji limekataa kupona. Kumbe nyama hiyo ni utando wa ndani wa utumbo uleule ulio tumboni, ambao daktari ameuvuta nje, akaukunja ukingo wake na kuushona kwenye ngozi. Wekundu wake ni dalili kwamba damu inaufikia vizuri, na damu kidogo inayoonekana wakati wa kuosha hutokana na wingi wa mishipa midogo iliyo karibu na uso wa utando huo. Rangi ya kuogopwa ni ya zambarau iliyokolea au nyeusi, kwa kuwa huonyesha kwamba damu haifiki tena, na mwenye kuiona anapaswa kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Madhara ya kosa hili ni ya vitendo. Anayeamini kwamba ana kidonda hukifunga kwa bandeji, hukipaka spiriti au unga wa dawa, huogopa kukiogesha, na husubiri kikauke na kufungika, jambo ambalo halitatokea kwa sababu hakuna jeraha la kufungika. Stoma huhitaji maji safi ya kawaida tu. Maji hayaingii tumboni kupitia hapo, na mtu anaweza kuoga akiwa na mfuko au bila mfuko. Kinachohitaji uangalizi mkubwa ni ngozi inayoizunguka, kwa sababu ndiyo inayoweza kuchubuka ikiguswa na haja kwa muda mrefu, hasa ile ya ileostomi ambayo bado ina vimeng'enya vya kusaga chakula. Kwa hiyo tundu la kibandiko, yaani ile sehemu ya mfuko inayoshika ngozi, hukatwa likiwa kubwa kuliko stoma kwa milimita 2 au 3 tu. Likizidi upana, haja huila ngozi. Likibana sana, huweza kuujeruhi utumbo bila mwenyewe kujua, kwa kuwa utando wa utumbo hauhisi maumivu ya kukatwa kama ngozi inavyohisi.

Kuuelewa muundo huo huondoa pia lawama mbili zisizo za haki. Ya kwanza ni kwamba mwenye stoma ni mzembe kwa kuwa haja humtoka bila kutaka. Njia ya haja ya kawaida ina misuli ya kubana na kuachia, lakini stoma haina misuli hiyo, na hakuna juhudi wala malezi yanayoweza kuileta. Ya pili humkuta mgonjwa mwenyewe, pale anapoona ute ukitoka kwa njia ya zamani na kudhani kwamba upasuaji umeharibika. Sehemu ya utumbo iliyobaki chini huendelea kutengeneza ute wake hata kama haipitishi tena chakula, na ute huo lazima upate pa kutokea.

Dhana ya pili: kwamba sababu ni saratani, au mkosi

Saratani ya utumbo mpana na ya njia ya haja kubwa ni sababu mojawapo ya kuwekewa stoma, lakini si sababu pekee, na katika Afrika Mashariki orodha ya sababu nyingine ni ndefu. Utumbo mpana unaweza kujisokota hadi ukakosa damu, hali inayofahamika sana katika hospitali za ukanda huu, na sehemu iliyooza ikikatwa, mara nyingi mwisho uliobaki hutolewa nje ya tumbo. Homa ya matumbo inaweza kutoboa utumbo mwembamba. Ajali za barabarani, majeraha ya risasi na visu, uzazi uliochukua muda mrefu hadi njia ya haja na ya uzazi zikatobokeana, vyote hivyo vinaweza kumfikisha mtu kwenye stoma. Kwa upande wa mkojo, saratani ya kibofu ndiyo sababu inayojulikana zaidi ya urostomi, na kichocho cha mkojo kinachoachwa bila tiba kwa miaka mingi ni mojawapo ya visababishi vya saratani hiyo.

Sababu nyingi kati ya hizi ni za muda, na ndiyo maana stoma nyingi nazo ni za muda. Wakulima wanaojua kazi ya mifereji inayoshuka kutoka kwenye ndiva, yale mabwawa madogo ya asili ya Wapare, wanaelewa kwa nini maji huchepushwa ili sehemu iliyobomoka chini ijengwe upya ikiwa kavu. Daktari naye huichepusha haja ili utumbo ulioshonwa upone bila kuguswa. Baada ya wiki au miezi kadhaa, na baada ya vipimo kuonyesha kwamba sehemu ya chini imepona na iko wazi, stoma hufungwa na haja hurudi njia yake. Hata hivyo kufunga huko ni upasuaji kamili, wenye hatari zake na maandalizi yake, na mgonjwa anayeacha miadi ya kliniki kwa kudhani kwamba tundu litajifunga lenyewe hujichelewesha bure. Pale ambapo njia ya haja yenyewe imeondolewa pamoja na uvimbe, stoma huwa ya kudumu, na kumwambia mtu huyo kwamba "itafungwa tu siku moja" ni kumpa faraja ya uongo itakayomwumiza baadaye.

Kundi linalobeba mzigo mzito zaidi wa dhana hii ni la watoto wachanga. Takribani mtoto 1 kati ya 5,000 huzaliwa akiwa hana tundu la haja kubwa au akiwa nalo mahali pasipo pake, na idadi inayokaribiana na hiyo huzaliwa na sehemu ya utumbo mpana isiyo na neva, isiyoweza kuisukuma haja. Watoto wengi wa aina ya kwanza, na baadhi ya wa aina ya pili, huwekewa kolostomi siku za mwanzo za uhai wao, kisha hurekebishwa umbile, na mwisho stoma hufungwa. Kwa kuwa mama hujifungua mtoto mwenye sura nzuri na kilio cha kawaida, halafu kasoro ikagunduliwa baada ya siku moja au mbili anapoanza kutapika na tumbo kuvimba, ni rahisi lawama kumgeukia yeye: alikula nini, alimkosea nani, ukoo wake una jambo gani. Historia ya Upare inaonyesha uzito wa maswali ya namna hiyo. Masimulizi ya Mbaga, katika milima ya Upare Kusini, huuhusisha mwamba wa Malameni na watoto waliohesabiwa kuzaliwa na mkosi na ambao hawakuachwa waishi. Desturi hiyo ilikwisha zamani, lakini lawama kwa mama ni masalia ya fikra ileile, nayo haina msingi, kwa kuwa maumbile hayo hukamilika au kukosea katika wiki za mwanzo kabisa za mimba, mara nyingi kabla hata mama hajajua kwamba ana ujauzito.

Kinyume cha mkosi kimekwisha kuthibitishwa kwa zaidi ya karne mbili. Mwaka 1710 mtaalamu wa anatomia wa Ufaransa, Alexis Littré, baada ya kuuchunguza mwili wa mtoto aliyekufa kwa kasoro hiyo, alipendekeza kwamba utumbo ungeweza kutolewa tumboni. Mwaka 1793, katika mji wa Brest, daktari Duret alilitekeleza wazo hilo kwa mtoto mchanga, na mtoto huyo aliishi hadi umri wa miaka 45. Aliishi kabla ya dawa za usingizi za kisasa, kabla ya viuavijasumu na kabla ya mifuko ya kubandika kubuniwa.

Dhana ya tatu: kwamba mwenye stoma hunuka daima

Harufu ndiyo shutuma inayowafungia watu ndani. Kisayansi, harufu ya haja husikika pale tu ambapo hewa ya mfuko imepata upenyo. Mifuko ya kisasa hutengenezwa kwa plastiki isiyopitisha harufu, na kibandiko kinachoshika vizuri huziba pembeni, kwa hiyo mtu anaweza kukaa karibu na mwenye stoma ndani ya basi la kwenda Same bila kujua lolote. Harufu inayosikika muda wote humaanisha kwamba mfuko unavuja, umejaa kupita kiasi, au kwamba hakuna mfuko.

Kisa kinachobainisha jambo hili kwa uwazi ni cha Denmark. Mwaka 1954 muuguzi Elise Sørensen alikuwa na dada yake, Thora, aliyekuwa amewekewa stoma na ambaye hakuthubutu tena kutoka nyumbani kwa hofu ya kuvuja mbele za watu. Muuguzi huyo alibuni mfuko wa plastiki wenye pete ya gundi ya kushika ngozi, na ubunifu huo ndio ulioanzisha aina ya mifuko inayotumika duniani hadi leo. Mwili wa Thora haukubadilika, wala stoma yake. Kilichobadilika ni kifaa. Aibu iliyoonekana kuwa ya asili iliondolewa na plastiki na gundi.

Katika mazingira ya Ndungu kisa hicho kinapaswa kusomwa kinyume pia, kwamba palipo na stoma pasipo na kifaa, hali ya kabla ya 1954 huendelea. Mifuko haipatikani katika duka la dawa la kijijini, na familia hulazimika kutumia vitambaa, nepi, au mifuko ya plastiki inayofungwa kwa mkanda. Mbinu hizo si za kudharauliwa, kwani watoto wengi wamelelewa salama kwa vitambaa laini vinavyobadilishwa kila vinapolowa, vikafuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani, huku ngozi ikikingwa kwa mafuta mazito au krimu ya zinki. Lakini zinahitaji maji mengi, sabuni na muda wa mlezi, na kinga ya mafuta haichanganyiki na mfuko wa kubandika, maana gundi haishiki ngozi yenye mafuta. Joto la tambarare huongeza ugumu: jasho hulegeza kibandiko, na mifuko iliyohifadhiwa chini ya bati lenye joto kali huharibika gundi kabla ya kutumika. Mahali pa kuihifadhi ni penye kivuli na hewa, mbali na jua.

Dhana ya nne: kwamba chakula cha kawaida hakiliki tena

Tofauti kati ya kolostomi na ileostomi, ambayo hupuuzwa katika mazungumzo ya kawaida, huwa na uzito mkubwa mezani. Utumbo mpana kazi yake kubwa ni kufyonza maji na chumvi. Mwenye kolostomi bado ana sehemu ya utumbo huo inayofanya kazi, haja yake huwa nzito, na baada ya wiki chache za kupona huweza kula karibu kila alichokuwa akila, akijua tu kwamba maharage, kabichi na vinywaji vyenye gesi vitaujaza mfuko hewa. Mwenye ileostomi hana msaada huo, na haja yake huwa majimaji siku zote, kwa kawaida zaidi ya nusu lita kwa siku.

Hapo ndipo makande, chakula kinachohusishwa na Wapare kuliko chakula kingine chochote, yanapohitaji busara. Ganda la punje ya mahindi na ngozi ya harage havisagiki kikamilifu, na katika wiki sita hadi nane za mwanzo, utumbo wa ileostomi ukiwa bado umevimba, vinaweza kuziba tundu. Baada ya hapo huweza kurudishwa kidogokidogo, yakiwa yamepikwa yakaiva sana, mahindi yakiwa yamekobolewa, na mlaji akitafuna bila haraka; kuyaharamisha maisha yote hakuna sababu. Nazi iliyokunwa, nyuzi za maembe na nanasi hufuata kanuni hiyohiyo. Wali na ndizi, ambavyo havikosekani Ndungu, husaidia kuifanya haja iwe nzito zaidi.

Hatari kubwa zaidi imo katika ushauri unaotolewa kwa nia njema, kwamba mwenye ileostomi apunguze kunywa ili haja ipungue. Anapofanya hivyo haja haikomi, bali mwili hukauka, figo huumia, na mtu huweza kupoteza fahamu. Anachohitaji ni maji pamoja na chumvi, kwa kuwa vyote viwili humtoka. Mchanganyiko wa lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa, humfaa siku ambazo haja imezidi, na akiona mkojo umepungua na kuwa na rangi iliyokolea, anapaswa kwenda kituo cha afya bila kusubiri kesho.

Dhana ya tano: kwamba kazi, ndoa na ibada vimekwisha

Ndungu inajulikana kwa skimu ya umwagiliaji iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwishoni mwa miaka ya 1980, yenye takribani hekta 680 za mpunga, na kazi ya jaruba ni ya kuinama, kubeba na kusimama kwenye maji. Wengi hukata shauri kwamba aliyewekewa stoma hataweza kuirudia. Katazo la kitabibu ni finyu kuliko hapo: katika wiki za mwanzo, na kwa wengine hadi miezi mitatu, hapaswi kuinua mizigo mizito, kwa sababu misuli ya tumbo iliyopasuliwa inaweza kuachia na utumbo ukajitokeza kando ya stoma kama ngiri. Baada ya muda huo hurudi kazini hatua kwa hatua, akifunga mkanda mpana wa kuushikilia ukuta wa tumbo, akiumwaga mfuko unapofika theluthi, na akiwaachia wengine magunia. Kupalilia, kuamia ndege, kupepeta na kufanya biashara haviguswi na katazo lolote.

Kuhusu ndoa na uzazi, stoma yenyewe haizuii tendo la ndoa wala mimba, na wanawake wenye stoma wamebeba mimba na kujifungua salama, ingawa tumbo linapokua tundu la kibandiko hulazimika kukatwa upya kwa kipimo kipya. Kinachoweza kuathiri nguvu za kiume au ute wa uke ni upasuaji wa saratani ndani ya nyonga, ambako neva hupita karibu sana na uvimbe, au mionzi. Wenzi wanaostahili maelezo hayo kabla ya upasuaji mara nyingi huyakosa, na badala yake huachwa wayakisie baadaye kwa uchungu.

Katika ibada, Mwislamu hudhani kwamba udhu wake hautasimama tena na hivyo sala imemwondokea. Fikihi ya madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, ina hukumu ya mwenye hadathi ya kudumu: hujisafisha, hutawadha baada ya wakati wa sala ya faradhi kuingia, kisha huswali, na kinachomtoka bila hiari hakiibatilishi sala hiyo. Kwa saumu, mwenye ileostomi ana udhuru wa kweli wa kiafya, na anapaswa kushauriana na daktari kabla ya kufunga. Mkristo hazuiwi na sheria yoyote, ila huogopa mlio wa hewa katikati ya mahubiri, na hofu hiyo hupungua sana pale wanaokaa naye wanapofahamu kwamba mlio huo hana uwezo wa kuuzuia.

Umbali kati ya upasuaji na maisha

Mgonjwa wa Ndungu anayehitaji upasuaji mkubwa wa utumbo mara nyingi hupelekwa KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971. Njia hupitia Maore na Kisiwani hadi Same, kisha kuna takribani kilomita 100 nyingine za barabara kuu. Ujuzi wote wa stoma hubaki upande wa pili wa safari hiyo. Muuguzi aliyemwonyesha mgonjwa namna ya kukata kibandiko yuko Moshi, ilhali kibandiko kitaanza kuvuja Ndungu, na yule atakayeulizwa kwanza ni mhudumu wa zahanati ambaye pengine hajawahi kuiona stoma.

Kutokana na hayo, marekebisho yanayohitajika yanajulikana na mengi si ya gharama kubwa. Mgonjwa na ndugu mmoja wa karibu wafundishwe kwa vitendo kabla ya kuruhusiwa, na wasiruhusiwe hadi wameubadilisha mfuko wenyewe. Barua ya ruhusa itaje aina ya stoma, na kama ni ya muda, itaje mwezi wa kurudi kwa ajili ya kufungwa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe mambo machache: rangi ya stoma yenye afya, dalili za kukaukiwa maji, na matunzo ya ngozi kwa mwenye mfuko na kwa asiye nao. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imefungua mjadala wa kitu gani kihesabiwe kuwa huduma ya msingi, na katika mjadala huo mfuko wa stoma unapaswa kutetewa kama sehemu ya upasuaji wenyewe, kwa kuwa daktari anayeitoa haja tumboni bila kuhakikisha kuna cha kuipokea ameikamilisha nusu ya tiba.

Jamii nayo ina kipimo rahisi cha kutenganisha dhana na ukweli. Kwa kila taabu ya mwenye stoma, iulizwe kama taabu hiyo ingebaki endapo angekuwa na mfuko unaoshika, maji ya kutosha na mtu wa kumwuliza. Zitakazobaki ni chache: haja isiyotoa taarifa, tahadhari ya chakula na mizigo, na kwa baadhi, madhara ya ugonjwa uliotangulia. Hizo mwenye stoma hujifunza kuishi nazo. Nyingine zote ni deni la huduma, na deni hudaiwa kwa mwenye kulipa.